Msalaba na Kiti cha Enzi: Siasa Ndani ya Kanisa la Uganda, 1877 hadi 1977



Kila uchaguzi unapokaribia, hurudi kauli ileile: "Kanisa lisijiingize katika siasa." Kauli hiyo husemwa hasa pale maaskofu wanapokemea ufisadi, utekaji wa watu au matumizi mabaya ya fedha za umma. Ajabu ni kwamba wanaoisema Jumatano huonekana Jumapili wameketi katika viti vya mbele kanisani, wakisubiri kukaribishwa wawasalimie waumini. Inaelekea kinachowaudhi si siasa kuingia kanisani, bali kuingia kwa siasa wasiyoitaka wao.

Katika makala haya sitauliza kama siasa imo ndani ya Kanisa. Imo, na ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Nitauliza ni siasa ya namna gani, na kila namna imelifanyia nini taifa. Nimechagua Uganda kwa sababu katika miaka mia moja tu, tangu 1877 hadi 1977, nchi hii imeyaonja yote mawili: Kanisa lililoshika bunduki ili lipate vyeo, na Kanisa lililopoteza uhai wa mkuu wake kwa kusema ukweli.

Dini zilizopitia mlango wa ikulu

Wamisionari hawakuanzia vijijini Buganda. Walianzia ikulu. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa mtawala mwerevu aliyezungukwa na hatari. Kutoka kaskazini, Misri ilikuwa ikijipanua kuelekea chimbuko la Nile. Kutoka pwani walikuja wafanyabiashara Waislamu walioleta nguo, bunduki na Kurani. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipofika, Mutesa aliona fursa ya kupata rafiki mwingine mwenye nguvu. Barua ya kuwaalika walimu wa Kikristo ikachapishwa katika gazeti la London mwezi Novemba mwaka huohuo.

Waanglikana wa Church Missionary Society walifika tarehe 30 Juni 1877. Wakatoliki wa shirika la White Fathers, wakiongozwa na Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, walifika Februari 1879. Kabaka aliwapokea wote, akawaweka karibu na ikulu ili awaone, na akawasikiliza wakibishana mbele yake juu ya dini ipi ni ya kweli. Kwa hiyo tangu mwanzo Mganda aliyetaka Ukristo alikuta Ukristo mbili zinazoshindana, moja ikisema Kiingereza na nyingine Kifaransa.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika simulizi hii. Kabla Biblia haijapatikana kwa Kiluganda, Alexander Mackay alifundisha kwa kutumia maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Zanzibar, kwa kuwa lugha hiyo ilikuwa imekwisha kufika ikulu pamoja na misafara ya biashara. Hata leo Mganda husema eddiini kwa dini na ekkanisa kwa kanisa. Na wale vijana wa ikulu waliojifunza imani mpya hawakuitwa Wakristo kwanza. Waliitwa basomi, yaani wasomaji.

Wasomaji hao ndio waliomtia hofu Kabaka Mwanga, aliyerithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana bado. Wazungu walikuwa wakinyakua pwani. Askofu James Hannington naye alikuja kupitia mashariki, njia ambayo Waganda waliihesabu kuwa mlango wa nyuma wa ufalme. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Ndipo Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkuu wa watumishi wa ikulu, akathubutu kumwambia Kabaka kwamba kumuua mgeni bila kumsikiliza ni kosa. Tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa. Tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, waliteketezwa kwa moto Namugongo. Kanisa Katoliki lilitangaza watakatifu 22 kati ya wafiadini hao tarehe 18 Oktoba 1964.

Naomba tulishike tendo la Balikuddembe, kwa maana tutalirudia. Hakutaka cheo, sababu alikuwa nacho. Hakuwa na jeshi. Alichofanya ni kusimama mbele ya mwenye nguvu na kusema kwamba aliyeuawa hakustahili kuuawa. Hiyo ni siasa, kwa kuwa inahusu namna mtawala anavyotumia mamlaka yake. Lakini ni siasa isiyomwombea msemaji chochote.

Wasomaji washika bunduki

Miaka miwili baada ya Namugongo, mambo yaligeuka. Mwaka 1888 Mwanga alipanga kuwaangamiza wafuasi wa dini zote ngeni. Waislamu na Wakristo wakaungana na kumwondoa. Muungano huo haukudumu hata mwezi mmoja au miwili: Waislamu waliwafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Nkore, wakajipanga, wakarudi kwa vita na kumrejesha Mwanga yuleyule aliyewachoma wenzao.

Mtazame Apolo Kaggwa. Mwaka 1886 alipigwa na Mwanga kwa sababu ya imani yake, akanusurika. Miaka michache baadaye alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, na kiongozi wa chama cha Waprotestanti chenye silaha. Kizazi kilekile kilichokuwa tayari kufa kwa ajili ya imani kilikuwa sasa tayari kuua kwa ajili ya madaraka. Hapo hapakuwa na badiliko la mafundisho. Palikuwa na badiliko la nafasi: waliokuwa wakidhulumiwa walipata bunduki na vyeo vya kugawana.

Vyama viwili vikaundwa, na majina yake yanasema mengi. Waprotestanti waliitwa Waingereza na Wakatoliki waliitwa Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda, mara nyingine ndugu wa ukoo mmoja. Kapteni Frederick Lugard, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1890 kwa niaba ya kampuni ya Uingereza, alikuta ufa huo na akautumia. Tarehe 24 Januari 1892, baada ya ugomvi uliotokana na mauaji ya Mprotestanti mmoja, pande hizo zilipigana Mengo. Lugard aliwapa Waprotestanti silaha, naye akaingia vitani na bunduki ya Maxim. Wakatoliki walishindwa, kanisa lao la Rubaga likateketea, na wengi wao wakakimbilia Buddu, eneo ambalo mpaka leo ni ngome ya Ukatoliki.

Mshindi wa kweli wa siku ile ni nani? Waprotestanti walipata vyeo vingi. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 1894, Buganda ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Wasomaji waligombea ufunguo wa nyumba, na waliponyanyua macho, nyumba ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Vyeo kwa dini, shule kwa dini

Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 uliuweka mgawanyiko huo ndani ya utawala wenyewe. Kabaka Daudi Cwa alikuwa mtoto mdogo, hivyo nchi iliongozwa na wasimamizi watatu: Apolo Kaggwa na Zakaria Kisingiri, wote Waprotestanti, pamoja na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Uchifu wa majimbo uligawanywa kwa dini. Wakatoliki walikuwa wengi sana kwa idadi, lakini kwa zaidi ya nusu karne hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Katikkiro chini ya mkataba huo. Waislamu waliachiwa makombo.

Mgawanyo huo ulipita pia katika elimu. Wakatoliki walianzisha Namilyango mwaka 1902. Waanglikana wakaanzisha Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906. Shule hizo zililea wasomi wa nchi, nasi twazishukuru. Hata hivyo, kijana wa wakati huo aliweza kuanza darasa la kwanza, kumaliza sekondari, kupata kazi na kuoa bila kuwahi kuketi dawati moja na mtu wa dhehebu lingine. Kilima cha Namirembe kina kanisa kuu la Waanglikana na kilima cha Rubaga kina la Wakatoliki. Viko karibu kiasi cha kuonana, lakini watoto wa vilima hivyo hawakujuana.

Dini ya Papa na wenzao wa Canterbury

Vyama vya siasa vilipoanza, vilipita katika mifereji iliyokwisha kuchimbwa. Mwaka 1954 Wakatoliki waliochoka kubaguliwa walianzisha Democratic Party, DP, yenye kaulimbiu ya ukweli na haki. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Matayo Mugwanya, mjukuu wa yule Stanislaus. Mwaka 1960 kikazaliwa Uganda People's Congress, UPC, cha Milton Obote, ambacho viongozi wake wengi walikuwa Waanglikana. Mitaani watu waliyatafsiri majina hayo kwa mzaha: DP ikawa "Dini ya Papa", na herufi za UPC zikasomwa kuwa Waprotestanti Waliounganika wa Canterbury. Mzaha huo ulichekesha kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani yake.

Tuwe waadilifu hapa. Malalamiko ya Wakatoliki yalikuwa ya haki. Mtu anayenyimwa cheo kwa sababu ya ubatizo wake ana haki ya kulalamika, na kujipanga na wenziwe si dhambi. Tatizo ni kwamba dawa iliyotumika ilikuwa ya ugonjwa uleule. Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa DP, alikuwa mwanasheria mwenye msimamo, na tarehe 1 Machi 1962 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Lakini mwezi uliofuata aliangushwa na muungano wa UPC na Kabaka Yekka, chama cha ufalme wa Buganda. Obote ndiye aliyepokea bendera ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962.

Katikati ya kelele hizo, sauti moja ya kanisani inastahili kukumbukwa. Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka wa Rubaga, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kuwekwa askofu Mkatoliki mwaka 1939, aliandika waraka wa kichungaji mwaka 1961. Aliwaonya waumini juu ya vyama vinavyojificha nyuma ya kiti cha mfalme, akieleza kwamba mfalme akishuka kwenye uwanja wa vyama, heshima yake nayo itakuwa hatarini. Serikali ya Mengo ilighadhibika hata ikawatuma askari wake Rubaga. Wengi walisema askofu anakitetea chama chake cha Wakatoliki, na haikuwa ajabu kusema hivyo, maana waumini wake wengi walikuwa DP. Lakini tarehe 24 Mei 1966, Obote, mshirika wa jana, alituma jeshi kuishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni na kufia London mwaka 1969.

Waraka ule unatufundisha jambo gumu. Kanisa linapokuwa limezoeleka kuwa upande mmoja, hata linaposema kweli husikika kana kwamba linapiga kampeni.

Askofu Mkuu Janani Luwum

Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, na watu wengi walishangilia. Kanisa la Anglikana wakati huo lilikuwa na mgogoro wake: majimbo ya Buganda yalikuwa hayamtaki Askofu Mkuu Erica Sabiti, mtu wa Ankole. Amin, Mwislamu, ndiye aliyewaita maaskofu na kujifanya msuluhishi wao. Nyumba inayogombana humfungulia mlango yeyote anayebisha.

Haikuchukua muda kabla ya damu kumwagika. Benedicto Kiwanuka, ambaye sasa alikuwa Jaji Mkuu, alikamatwa mahakamani tarehe 21 Septemba 1972 na hakuonekana tena. Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa. Raia wasiojulikana majina walipotea kwa maelfu.

Mwaka 1974 Janani Luwum alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu. Alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, na aliguswa na uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki mwaka 1948. Wapo waliomlaumu kwamba alikuwa karibu mno na serikali. Ni kweli kwamba alikwenda ofisi za wakubwa mara kwa mara. Lakini alikwenda kuwaulizia watu waliokamatwa, akiomba waachiliwe, au angalau familia zao zielezwe walipo. Na mwaka 1976 viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu walikutana kuzungumzia usalama wa raia. Watoto wa wale waliopigana Mengo mwaka 1892 walikuwa wameketi meza moja, na safari hii ajenda haikuwa ugawaji wa vyeo.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliivamia nyumba ya Luwum huko Namirembe wakidai kutafuta silaha. Hawakuzipata. Maaskofu wa Anglikana wakamwandikia Amin barua ya pamoja. Walisema kwamba ikiwa nyumba ya Askofu Mkuu inaweza kuvamiwa hivyo usiku, hakuna askofu wala raia wa kawaida aliye salama. Walizungumzia mauaji, kukamatwa kwa watu bila sababu na unyang'anyi wa mali.

Tarehe 16 Februari 1977 viongozi wa dini waliitwa Kampala. Mbele ya umati wa askari zilionyeshwa silaha zilizodaiwa kuwa za njama ya kuipindua serikali. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Kesho yake ilitangazwa kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Mwili ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko, ilhali kaburi lililochimbwa Namirembe likabaki tupu. Jumapili iliyofuata, waumini kwa maelfu walikuja Namirembe, maiti haipo, askari wapo, nao wakaimba.

Septemba mwaka huohuo Amin alipiga marufuku madhehebu mengi ya Kikristo. Utawala wake uliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama katika ukuta wa Westminster Abbey, London.

Tujifunze nini?

Tukiwaweka pamoja watu wa 1892 na Luwum wa 1977, tunapata kipimo ambacho raia yeyote anaweza kukitumia: kiongozi wa dini anapoingia ikulu, anakwenda kumwombea nani? Wakuu wa vyama vya dini vya karne ya kumi na tisa waliomba uchifu, ardhi na bunduki kwa ajili ya watu wao. Balikuddembe aliingia kumtetea mgeni aliyekwisha kufa. Luwum aliingia kuwaombea waliokamatwa, wa dhehebu lake na wasio wa dhehebu lake. Kukaa karibu na mtawala si kosa lenyewe. Kosa ni kukaa karibu naye kwa faida yako.

Kipimo hiki kinahusu pia mambo ya leo. Imekuwa desturi nchini Uganda kwa askofu mpya kukabidhiwa gari kama zawadi kutoka kwa Rais, na wagombea huchangia mabati na saruji mwaka wa uchaguzi. Wahenga walisema: mla cha mwenzie, na chake huliwa. Kinacholiwa hapa ni uhuru wa mimbari. Jirani zetu wa Kenya wameanza kulitafakari hili: Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha michango iliyotolewa na Rais katika parokia moja.

Sheria nayo imejifunza kutokana na historia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 7, inasema nchi haitakuwa na dini ya serikali, na ibara ya 71 inakataza uanachama wa chama cha siasa kujengwa juu ya dini au kabila. Lakini ibara hizo haziwanyimi maaskofu, mashehe au muumini yeyote haki ya kusema. Anayezitumia kuwafunga mdomo hajazisoma, au amezisoma akitumaini wewe hujazisoma.

Raia wa leo ni msomaji pia, kama wale basomi wa ikulu. Ana haki ya kumsikiliza padri na mchungaji wake kwa heshima, kisha kwenda kwenye kituo cha kura na kuamua mwenyewe. Akielekezwa kutoka madhabahuni ampigie kura fulani kwa kuwa "ni wetu", akumbuke Mengo. Akisikia kutoka madhabahu hiyohiyo kwamba mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani, hata kama si wetu, akumbuke Mucwini, na asiwaachie maaskofu peke yao kazi ya kusema hivyo.

Maswali ya kujadili darasani na nyumbani

1. Kwa nini muungano wa Waislamu na Wakristo wa mwaka 1888 ulivunjika upesi, na mkutano wa viongozi wa dini wa mwaka 1976 ulitofautianaje nao?
2. Je, kundi linalobaguliwa kwa sababu ya dini linaweza kudai haki zake bila kuunda chama cha dini? Toa mifano.
3. Kanisa, msikiti au kikundi chako kikipewa mchango na mgombea, ni masharti gani ungependekeza yawekwe kabla ya kuupokea?